Fomu Inayokatizwa Njiani

Fomu nyingi za mtandaoni hufunguka vizuri tu. Mtu anaanza kujaza, anafika katikati, halafu kuna linalotokea: simu inaita, bando linakata, kitambulisho kiko ndani na lazima akakifuate, au namba ya uthibitisho imeingia kwenye ujumbe mfupi na hana budi kutoka kwenye kivinjari kwenda kuisoma. Akirudi, visanduku vyote vitupu. Wachache huanza upya. Wengi huahirisha, na hao wanaoahirisha ndio ambao ripoti baadaye huwaita watu wasio na mwamko wa teknolojia.

Mwamko wanao. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, na mama asiyemiliki barua pepe anaujua mfuatano wa menyu zake bila kuangalia. Menyu hizo zina faida moja kubwa: ni fupi, humalizika kabla mtu hajakatizwa. Fomu ya visanduku 40 haina bahati hiyo. Kwa hiyo anayeijenga inabidi aanze na swali hili: mtu akiondoka hapa, akirudi atakuta nini?

Tuanze na simu yenyewe. Simu nyingi za bei ya chini zina RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 1 au 2. Ukitoka Chrome ukaenda kwenye ujumbe, na hasa ukipitia WhatsApp, Android inaweza kuutupa ukurasa uliouacha ili kupata nafasi. Ukirudi, Chrome inaupakia upya kutoka kwenye seva, kwa bando lako, na mara nyingi ulichoandika kimekwenda. Mjenzi anayejaribu kazi yake kwa simu ya GB 8 hawezi kuliona tatizo hili hata akishinda nalo wiki nzima.

Safari ya kwenda kusoma namba ya uthibitisho inaweza kufutwa kabisa. Weka namba mwanzoni mwa ujumbe, kabla ya salamu na jina la taasisi, ili ionekane kwenye arifa juu ya skrini bila kufungua chochote. Kisanduku kipe autocomplete="one-time-code" na inputmode="numeric"; iPhone kuanzia iOS 12 hupendekeza namba juu ya kibodi, na Chrome ya Android kuanzia toleo la 84 inaweza kuichukua yenyewe kwa WebOTP, kipengele cha kivinjari cha kusoma namba hizo, mradi mstari wa mwisho wa ujumbe uwe na alama ya @ na anwani ya tovuti, kisha # na namba. Kisanduku kiwe kimoja. Visanduku sita vya tarakimu mojamoja hupendeza kwenye mchoro, lakini kubandika namba mara nyingi hushindikana, na asiyeona husikia visanduku sita visivyo na majina.

Muda wa namba hiyo uwe dakika 10. Dakika 2 hazitoshi pale ujumbe unapochelewa. Kuna kosa jingine lililojificha hapo: mtu ameomba namba, haijaja, ameomba tena. Sasa zinakuja zote mbili, pengine ya pili ikitangulia. Anaandika mojawapo, mfumo unaikataa kwa sababu kila ombi jipya huua namba ya zamani, naye haelewi ni kwa nini namba aliyotumiwa na mfumo wenyewe inaitwa batili. Pokea yoyote kati ya zilizotumwa ndani ya muda wake.

Sasa, kuhifadhi alichokwisha kuandika. Njia rahisi ni localStorage: kila kisanduku kikibadilika, thamani yake inaandikwa kwenye simu, na ukurasa ukipakiwa upya inarudishwa. Mistari isiyozidi 20 ya JavaScript. Kwa simu ya mtu binafsi inatosha. Lakini maombi mengi ya mikopo ya wanafunzi, ajira, vyuo na vyeti vya kuzaliwa hayajazwi kwenye simu ya mtu binafsi. Yanajazwa steshenari, kwenye kompyuta moja inayohudumia watu kutwa nzima, mhudumu akichapa na mwenye ombi akiwa amesimama pembeni anataja. Hapo localStorage inageuka hatari: mteja wa pili anafungua fomu na kukuta jina, namba ya kitambulisho na namba ya simu ya wa kwanza. Mbaya zaidi, mhudumu anaweza asigundue, akabadilisha jina tu na kutuma vingine vyote vya mtu mwingine.

Kinachofanya kazi ni kuhifadhi kwenye seva baada ya kila hatua na kumpa mtu namba fupi ya ombi, herufi na tarakimu 8 zisizochanganyika (ondoa O, 0, I na 1). Kurudi kwenye ombi kunahitaji namba hiyo pamoja na namba ya uthibitisho inayotumwa kwa simu ya mwenye ombi. Kwenye kifaa usihifadhi kitu ila mtu mwenyewe aweke tiki penye maneno "Hii ni simu yangu". Na visanduku vya namba ya kitambulisho na vya fedha viwe na autocomplete="off", kwa kuwa kivinjari nacho kina kumbukumbu yake.

Mhudumu wa steshenari ni mtumiaji wako. Wengi wanaobuni mifumo hujifanya hawamuoni, wakaandika masharti kwamba kila mtu ajaze mwenyewe. Matokeo yake yanajulikana: mhudumu anamfungulia mteja barua pepe, anaweka nywila ileile anayowawekea wote, anaiandika kwenye daftari, na miezi sita baadaye mtu anatakiwa aingie kuangalia matokeo lakini daftari limejaa na kutupwa. Mfumo usilazimishe barua pepe pale namba ya simu inapotosha. Uulize wazi: "Je, unajaza kwa niaba ya mtu mwingine?" Jibu likiwa ndiyo, namba ya simu inayoombwa ni ya mwenye ombi, na ujumbe wa muhtasari unamwendea yeye kabla ombi halijafungwa. Ukurasa wa mwisho uonyeshe kila kilichoandikwa, kwa maneno makubwa na kila mstari na kiungo chake cha kurekebisha, ili mhudumu aweze kumsomea mteja kwa sauti. Makosa mengi ya tahajia za majina hukamatwa hapo.

Majina yenyewe yana mtego wake. Ng'wandu, Ng'ang'a, Wang'ombe: kanuni inayoruhusu herufi A hadi Z peke yake inawakataa hawa wote kwa ujumbe wa kuudhi kwamba jina lao si sahihi. Ukiruhusu ritifaa, yaani alama hiyo ('), bado kazi haijaisha. Kibodi za simu na programu za kuandikia mara nyingi huweka ritifaa iliyopinda (U+2019) badala ya ile iliyonyooka, na kwa hifadhidata hayo ni majina mawili tofauti, kwa hiyo utafutaji unasema mtu hayupo. Geuza zote ziwe ile iliyonyooka kabla ya kuhifadhi. Kuna faida ya pembeni: ujumbe mfupi una nafasi ya herufi 160 kwa alfabeti ya kawaida ya GSM, ambayo ina ritifaa iliyonyooka lakini haina iliyopinda. Moja tu iliyopinda ikipenya, ujumbe mzima unahamia kwenye mfumo wa herufi 70, na bili yako ya SMS inapanda mara mbili au tatu bila sababu unayoiona.

Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania, ina tarakimu 20, na watu huiandika kama ilivyo kwenye kadi, kwa vistari: 8, 5, 5, kisha 2. Pamoja na vistari vitatu ni alama 23. Mjenzi aliyeweka maxlength="20" akidhani analinda mfumo, kivinjari kinakata mwisho, na kinachobaki ni makundi matatu yaliyokamilika kwa macho, yenye tarakimu 18. Mtu anaangalia, anaona namba yake iko sawa, na mfumo unasema si sahihi. Ruhusu alama 30, ondoa vistari na nafasi kwenye seva, halafu hesabu tarakimu. Na kwa kuwa tarakimu 8 za kwanza ni tarehe ya kuzaliwa, mwaka kwanza, usimuulize tena tarehe hiyo. Mwonyeshe na umwombe athibitishe. Kalenda ya kubofya mwezi kwa mwezi hadi 1957 ni adhabu. Kama lazima uulize tarehe, weka visanduku vitatu vya siku, mwezi na mwaka.

Namba za simu: pokea 0712, 712, +255712 na 255712, pamoja na nafasi zozote, kisha uzigeuze ziwe sura moja. Usitumie type="number", maana sifuri ya mwanzo inaweza kupotea, na gurudumu la kipanya linaweza kubadilisha tarakimu bila mtu kujua. Kwa Kenya, kumbuka kwamba tangu 2019 kuna namba zinazoanza na 01; fomu zilizoandikwa kabla ya hapo zikisubiri 07 bado zinawakataa wenye laini hizo.

Saa pia. Ukimpa mtu nafasi ya kuchagua miadi na kuandika "2:00" bila neno la kufuatia, kuna atakayekuja asubuhi na atakayekuja mchana. Andika "saa 2:00 asubuhi" na 08:00 kando yake.

Vivinjari ni sura nyingine. Opera Mini ikiwa katika hali yake ya kubana zaidi haiendeshi ukurasa kwenye simu: seva za Opera zinaufungua, zinaendesha JavaScript kwa sekunde chache, zinasimamisha, halafu zinamtumia mtu nakala ya matokeo iliyobanwa. Kipima muda chochote baada ya hapo kimekufa. Kitufe kinachosubiri kuwashwa na JavaScript pale kisanduku kinapoandikwa kinabaki kijivu milele. Orodha ya kata inayojitafuta mtu anapochapa haifanyi chochote. Kwenye simu za KaiOS, mfumo wa simu za vitufe zenye intaneti, kama ile Smart Kitochi iliyoletwa na Vodacom Tanzania mwaka 2019, JavaScript ipo, lakini KaiOS 2.5 imejengwa juu ya injini ya Firefox 48. Injini hiyo haijui CSS Grid (njia ya kupanga ukurasa) wala async/await (maneno ya JavaScript ya kusubiri jibu), ambavyo Firefox ilivipata katika toleo la 52. Ukitumia async kwenye faili lako kuu bila kulitafsiri kwa toleo la zamani, faili zima linakataliwa na ukurasa unabaki mweupe. Skrini ni pikseli 240 kwa 320, na mtu anasogeza kishale kwa kitufe cha mishale, kwa hiyo viungo viwili vilivyobanana ni mateso.

Dawa ya vyote hivi ni ya kizamani: fomu ya HTML ya kawaida, inayotumwa kwa kitufe cha kawaida, ikigawanywa kurasa fupi za maswali manne au matano, na seva ikiangalia makosa na kurudisha ukurasa uleule ukiwa na majibu yaliyokwisha kuandikwa. JavaScript iongezwe juu yake kama ladha. Mkoa, wilaya na kata ziwe kurasa tatu zinazofuatana badala ya orodha moja ya maelfu ya majina. Mgawanyo huo ndio pia unaoipa seva nafasi ya kuhifadhi kila hatua, kwa hiyo ukikatizwa unapoteza maswali manne, hupotezi 40.

Picha na viambatanisho ndivyo vinavyowarudisha watu steshenari hata pale walipomaliza mengine yote nyumbani. Fomu inasema picha isizidi KB 150. Kamera ya simu inatoa picha ya MB 3 hadi 5. Kumwambia mtu aipunguze ni kumtuma kwa mhudumu mwenye programu ya kupunguza, kwa ada. Pokea hadi MB 10 na seva iipunguze yenyewe. Penye JavaScript, ipunguze kabla haijaondoka kwenye simu: upande mrefu pikseli 1600, ubora wa JPEG 0.7, kwa kawaida itashuka chini ya KB 500. Heshimu taarifa ya mwelekeo iliyomo ndani ya picha, la sivyo cheti kitalala ubavu. Weka accept="image/jpeg" ili iPhone igeuze picha zake za HEIC kabla ya kuzituma. Usiweke sifa ya capture, kwani kwenye simu nyingi hulazimisha kamera na kumzuia mtu kuchagua picha aliyokwisha kuipiga. Sharti la PDF nalo halina maana. Seva inaweza kuigeuza picha kuwa PDF. Na kila kiambatanisho kitumwe peke yake mara kinapochaguliwa. Vikisubiri vyote vitumwe pamoja mwishoni, mtandao ukikatika kwenye cha tano vyote vitano vimerudi mwanzo, na bando limeliwa.

Kwenye malipo, kukatizwa kumo ndani ya utaratibu wenyewe. Nchini Kenya, tovuti ikituma ombi la M-Pesa, dirisha la namba ya siri linaibuka juu ya kivinjari. Mtu asipojibu kwa wakati, au simu isipopatikana, mfumo wa malipo unarudisha msimbo 1037; akighairi, 1032. Hayo ni majibu mawili tofauti yanayostahili maneno mawili tofauti: la kwanza liseme "Ombi halikujibiwa, washa simu yako na ujaribu tena", la pili "Umeghairi malipo". Ukiandika "Malipo yameshindikana" kwa yote mawili, mtu anaogopa kwamba pesa imekatwa. Jibu la malipo linakwenda kwenye seva yako hata kama ukurasa umekwisha kufa kwenye simu. Kwa hiyo hali ya malipo iulizwe kwa seva kila mtu anaporudi. Na kila fomu ibebe namba ya kipekee iliyotolewa na seva, ili akibofya "Lipa" mara mbili kwa wasiwasi, ya pili ipuuzwe.

Namba ya malipo ya serikali ya Tanzania, ile ya tarakimu 12 inayoanzia na 99, kwa maoni yangu ni bora zaidi kwa hali zetu. Unaweza kuipata leo ukalipa kesho, kwa simu, kwa wakala au benki, na anayelipa anaweza kuwa shangazi aliye mkoa mwingine. Kasoro yake iko kwenye maonyesho. Tarakimu 12 zikiandikwa mfululizo, kisoma skrini, yaani programu inayomsomea asiyeona, kinaweza kuzitamka kama mabilioni. Zigawe nne nne, na kando yake weka kitufe cha kunakili kinachotoa namba bila nafasi.

Kisoma skrini kimekwisha kugusiwa. Kina mambo yake matatu ambayo hukosewa kuliko mengine. Kwanza, ukurasa wa Kiswahili lazima uanze na lang="sw". Bila hiyo TalkBack (kisoma skrini cha Android) au NVDA (cha Windows) inaweza kusoma maneno yetu kwa matamshi ya Kiingereza, na hayafuatiliki. Sauti za Kiswahili zipo: eSpeak NG inayokuja na NVDA inayo, na NVDA ni ya bure. Pili, maandishi ya kijivu ndani ya kisanduku hayawezi kuwa jina la kisanduku. Hutoweka mtu anapoanza kuandika, na aliyekatizwa akirudi anakuta "1987" bila kujua ni mwaka wa nini, awe anaona au haoni. Tatu, muda. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa wavuti, WCAG, ambao toleo lake la 2.2 lilitoka Oktoba 2023, unataka mtu aonywe kabla muda haujaisha, apewe angalau sekunde 20 za kuuongeza kwa kitendo chepesi, na aweze kuuongeza angalau mara kumi. Mifumo mingi inamtoa mtu baada ya dakika 15 kimyakimya, naye anagundua anapobofya "Tuma". Sharti hilo liliandikwa likiwafikiria wenye ulemavu, na linamfaa vilevile aliyekwenda kutafuta kitambulisho chini ya godoro.

Toleo hilohilo linataka pia mtu asiulizwe tena alichokwisha kujibu, na kuingia kusitegemee mafumbo ya kichwa. Mafumbo ya picha yanayomtaka mtu achague bomba la zimamoto la rangi nyekundu kando ya barabara ya Marekani ni kichekesho kwa mtu wa Sumbawanga. Kisanduku kilichofichwa kwa CSS, ambacho binadamu hakioni na roboti hukijaza, huzuia takataka nyingi za kawaida bila kumsumbua mtu. Kificho chake kitumie display:none ili kisoma skrini nacho kikiruke, na kipe jina "Acha wazi" endapo CSS haitapakia.

Kwa mwenye kitochi kisicho na intaneti, njia ni USSD, zile menyu za kupiga nyota na reli, na huko nafasi ni herufi 182 kwa skrini. Kukatizwa huko ni kwa hakika, kwa sababu mtandao wenyewe hufunga kipindi baada ya muda wake. Lakini USSD ina zawadi ambayo wavuti haina: seva inapewa namba ya simu ya mtu bila kumuuliza. Hifadhi kila jibu kwa namba hiyo, na akipiga tena, skrini ya kwanza iwe "1. Endelea ulipoishia 2. Anza upya". Usimwombe namba ya uthibitisho kwa SMS katikati ya USSD. Kwenye kitochi hawezi kusoma ujumbe bila kufunga menyu.

Kupima haya hakuhitaji maabara. Tafuta simu ya RAM GB 1 au 2 iliyokwisha kutumika, yenye WhatsApp iliyojaa picha. Jaza nusu ya fomu, kisha mtu akupigie na mzungumze dakika tatu. Fungua WhatsApp, tazama video moja, rudi. Zima data katikati ya kutuma kiambatanisho, iwashe. Rudisha tarehe ya simu nyuma miaka mitano, kama inavyoweza kutokea betri ikitolewa, uone onyo la usalama ambalo mtu atalikuta, ili ukurasa wako wa msaada na dawati la simu walijue. Washa TalkBack kwenye Mipangilio, sehemu ya Ufikivu, fumba macho na uende hadi mwisho kwa kutelezesha kidole kulia na kugusa mara mbili. Halafu peleka fomu steshenari yenye foleni, mlipe mhudumu bei yake ya kawaida, mwombe aijaze huku akiendelea kutoa fotokopi, na usimsaidie anapokwama.